Begi Liende Tupu

Mpwa wangu anafanya kazi Dar es Salaam, na kila Desemba anarudi Bukoba na neno jipya. Mwaka juzi lilikuwa “fursa”. Mwaka jana alikuja na “kufunga saa kumi na sita”, yaani kuacha kifungua kinywa kwa hiari, nasi tukamsaidia kwa kulila fungu lake. Mwaka huu ni “haikingi”.

“Mjomba, ni kupanda mlima, halafu unashuka,” alinieleza kwa ule upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

“Huko juu tunafuata nini?”

“Hatufuati kitu.”

“Kuna msiba?”

“Hakuna, Mjomba.”

“Kuna mtu tunamdai?”

“Tunapanda tu. Kwa afya.”

Nilikuwa bado natafuta namna ya kukataa bila kuonekana mzee, mke wangu akaniwahi. Yeye tangu mwezi wa kumi amekuwa akilitazama tumbo langu kama anavyotazama bili ya maji. Akajibu kutoka jikoni: “Ataenda.”

Mlima uliochaguliwa ni ule wa Muhutwe kwenda Kamachumu, wilayani Muleba. Ukitoka Bukoba mjini, ukaipita Kemondo, ukifika Muhutwe kuna njia inayoachana na barabara kuu na kuanza kupanda kwa makona, mpaka unaliona Ziwa Victoria limelala chini kama sinia. Ziwa hilo, ambalo kwetu ndiko bondeni, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maana yake mtu wa Bukoba akiwa amelala kitandani kwake ameshapanda kilomita moja na ushee bila kutoka jasho. Nilimpa mpwa wangu hoja hiyo, hakuijibu. Nikamkumbusha kuwa haisi zinapanda pale kila siku, tena kiti cha mbele kina mkanda. Akacheka, akidhani natania.

Ijumaa jioni akaja na orodha. Vitu kumi vya lazima, alisema, na mtu asiyekuwa navyo anahatarisha maisha yake. Orodha hiyo, kumbe, ina ukoo. Imetoka kwa chama cha wapanda milima wa Seattle, Marekani, kiitwacho The Mountaineers, waliokuwa wakiwafundisha watu mambo haya tangu miaka ya 1930, wakaja kuichapa rasmi kitabuni mwao mwaka 1974. Ramani, dira, tochi, chakula cha ziada, nguo za ziada, miwani ya jua, dawa za huduma ya kwanza, kisu, kibiriti, na kitu cha kukokea moto. Niliuliza kwa nini kibiriti kihesabiwe mbali na kitu cha kukokea moto. Nikaambiwa kibiriti ni cha kuwasha, kile kingine ndicho kinachowashwa kwanza ili kuni zishike. Sisi kitu hicho tunakiita majani makavu ya mgomba, na sijapata kusikia mtu wa Kagera akiyafunga begini asije akayakosa njiani.

Halafu nikaona jambo. Mwavuli haumo.

“Mwavuli si kifaa cha haikingi, Mjomba. Upepo unaupindua.”

Nikamwomba aangalie kwenye simu yake hao watu wa Seattle wananyeshewa kiasi gani kwa mwaka. Alianza kwa kunieleza kuwa mji huo unasifika dunia nzima kwa mvua. Angalia namba, nikasema. Akaangalia, akanyamaza. Hawafiki hata milimita 1,000. Sisi Bukoba tunapata kama 2,000, na hatusifiki popote. Hao waungwana wangekuja wakakaa nasi Aprili moja tu, orodha yao ingekuwa na vitu viwili: mwavuli, na mwavuli mwingine wa kumwazima jirani asiyerudisha miavuli.

Viatu ndivyo vilivyonitia hasara. Mpwa wangu alisema yeboyebo hazifai, raba za kwendea sokoni hazifai, na gambuti, ambazo nyoka anaziheshimu na tope linaziheshimu, eti zinachubua. Nikapelekwa sokoni kwenye mitumba, nikachaguliwa buti za Ulaya zenye soli nene na ndoana nane za kamba kila mguu. Muuzaji aliapa kuwa hazijavaliwa hata mara moja. Nataka kusema hapa kuwa muuzaji yule hakunidanganya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Buti za namna hii, nimekuja kuelezwa na fundi viatu wakati haisaidii tena, zikikaa miaka stoo bila kuvaliwa soli yake huoza yenyewe kimya kimya. Kwa macho ni mpya, kwa ndani ni maandazi ya juzi.

Kufunga begi kulichukua usiku mzima, maana kila aliyekuwa ndani ya nyumba alikuwa na maoni. Begi lenyewe ni la shule, la binti yangu wa mwisho, lina picha ya mwanasesere mwenye taji. La mpwa wangu ni la lita sitini, lina mikanda ya kifuani na kiunoni, na filimbi imeshonwa humo humo. Yeye alitia maji kwanza: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, saa sita, jumla lita tatu. Lita tatu ni kilo tatu, hesabu ya darasa la tatu, na mimi ndiye niliyezibeba. Mke wangu akatia hotipoti ya matoke na maharage. Nikamwambia chakula cha haikingi ni vile vipande vya karanga na asali alivyokuja navyo mpwa wangu kutoka supamaketi. Akavitazama, akaongeza chupa ya senene wa kukaanga na kichupa cha chumvi. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimu tu, akatia kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini na kukaushwa, kwa sababu mwenyeji wa huko tunakokwenda akitupa kahawa tukawa hatuna ya kumrudishia, atatufikiriaje? “Hatuna mwenyeji huko,” nilisema. Wanawake wote wawili walinitazama kama nimetukana.

Simu ilileta mjadala wake. Zamani ungeiviringisha kwenye rambo, ukafunga fundo, mvua ifanye itakalo. Lakini mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mimi ni mtu wa sheria. Nikaitia kwenye pakiti tupu ya chumvi. Mpaka leo nikipiga simu midomo inawasha.

Mpwa wangu alitaka tutoke saa kumi na mbili asubuhi kamili, kama wakimbiaji wa Dar es Salaam. Saa kumi na mbili ilipofika nikamfungulia mlango atazame. Giza totoro. Amesahau kuwa sisi tuko upande wa magharibi wa nchi, na saa ya ukutani tunatumia moja na wao. Desemba jua la Bukoba linachomoza zaidi ya nusu saa baada ya la Dar. Tukakaa sebuleni na mabegi mgongoni kama abiria walioachwa na meli. Na kulipopambazuka, mvua. Ziwa hili usiku kucha linapika mawingu, na alfajiri upepo unakuja kutupakulia sisi wa upande huu. Mtoto yeyote wa Bukoba anajua kuwa safari ya miguu haipangwi kabla mvua ya asubuhi haijasema neno lake. Ilisema mpaka saa tatu.

Kwa hiyo tulianza kupanda kutoka Muhutwe saa tano, jua likiwa kali na tope likiwa bado bichi, tumevaa vizibao vya njano vinavyong'aa, vile vya bodaboda. Mpwa wangu alivinunua ili magari yatuone. Kilichotokea ni kuwa watu walituona.

Orodha ile ya Seattle, ukiisoma vizuri, imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepotea peke yake porini. Ramani ni kwa sababu hakuna wa kumuuliza. Kibiriti ni kwa sababu hakuna jiko jirani. Hata ile filimbi ya begini ni kwa sababu hakuna anayekuona. Huku Muleba jaribu kupotea peke yako, uone kama utafikisha dakika tano. Kila kibanja kina macho. Hatujapita kona ya kwanza, mzee mmoja akatoka kwenye migomba yake, akatazama vizibao, akatazama fimbo mbili za bati jepesi za mpwa wangu na ile simu aliyokuwa akiielekeza mbinguni kutafuta tuko wapi, akauliza kwa heshima zote:

“Waitu, barabara inapita upande gani? Maana kaburi la baba liko huku.”

Tukamwambia sisi si wapima. Akatikisa kichwa kama anayejua kuwa wapima hawaruhusiwi kusema. Alitaka tuihesabu migomba yake mbele ya mashahidi, kwa ajili ya fidia. Nyumba ya pili hali ikawa nyingine. Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, mtu akiingia uani kwako na kizibao na daftari unamwonyesha ufa. Tulionyeshwa nyufa tatu, mmoja naamini ni wa kabla ya uhuru. Na mpwa wangu alipokaa kwenye jiwe kufungua boksi la huduma ya kwanza ajibandike plasta kisigino, habari ikatangulia mbele yetu mlimani kuliko sisi: wamekuja wa dawa. Dakika ishirini baadaye tulikuwa tumegawa Panadol zote, plasta zote, na dawa yangu ya kuchua goti, ambayo ilikwenda kwa bibi mmoja aliyeinusa, akaikubali, akaitia kwenye khanga.

Watoto hawakutaka dawa. Walitaka kuona zile fimbo. Mtu mzima, mwenye miguu miwili mizima, anatembelea fimbo mbili! Mmoja alicheka, wa pili akadakia, na kabla hatujafika kona inayofuata msafara wote ulikuwa unacheka, mpaka wengine wamekaa chini. Mimi nikaingiwa na hofu ya kweli, maana wilaya hii ina historia. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, humu humu Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kati ya wanafunzi 159 wakashikwa 95, shule ikafungwa mwezi Machi, na wasichana waliporudishwa makwao cheko likawafuata vijijini, Nshamba na kwingineko. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala kijidudu. Wakaishia kusema ni mashaka ya moyo yaliyotafuta mlango wa kutokea. Sasa fikiria unaingia kwenye vitabu vya tiba kama chanzo cha mlipuko wa pili, na picha yako una begi la mwanasesere.

Hapo ndipo soli ya kulia ilipoamua kubaki nyuma. Haikukatika kwa kishindo, iliagana nami taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Ya kushoto ikaifuata hatua kumi mbele. Watoto waliokuwa wameanza kunyamaza wakaanza upya. Kijana mmoja mwenye huruma akachana ganda kavu la mgomba, akasokota kamba, akanifunga soli zote mbili kwa fundo ambalo hakika hakulisoma popote. Kisu cha kukunja cha mpwa wangu, chenye vikorombwezo kumi na viwili, kilitumika kukata kamba ile. Nakisifu kwa haki, kilikata vizuri.

Sitaki mtu adhani kuwa nabeza usalama. Juu ya mlima, ukishaiacha migomba, unatoka kwenye rweya: majani matupu, hakuna kivuli, upepo kutoka ziwani, na wewe ndiye kitu kirefu kuliko karibu vyote vilivyopo. Pazuri, sikatai. Nilikaa, nikala senene, nikaanza hata kumsamehe mpwa wangu. Karanga na asali zake zilikuwa zimeyeyuka na kuwa gundi, kwa hiyo hotipoti niliyoidharau tuliifuta mpaka ukoko. Zile lita tatu za maji nazo ziliisha zote, na tungekuwa na ya nne tungeinywa. Kisha upande wa pili mbingu ikaguna.

Mpwa wangu akaanza kuhesabu. Ukiona mwanga wa radi, alinifundisha, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Chini ya thelathini, hutakiwi kuwa hapo ulipo. Tulifika ishirini na nne. Mara ya pili kumi na tano. Nikamwambia, mwanangu, hesabu yako ni nzuri sana, lakini naona umeshika fimbo mbili za chuma kwenye rweya. Alizitupa kama zimegeuka nyoka. Pale juu kulikuwa na mti mmoja tu, umesimama peke yake, unatuita. Huo hata marehemu babu asingeukubali. Tulishuka mbio kuelekea kwenye migomba na mabati ya nyumba za watu. Goti langu bovu lilinitangulia, na mwavuli, ambao nilikuwa nimeubeba licha ya orodha, nikaukunja, kwa sababu kuna wakati hata mwavuli ni fimbo ya chuma.

Nyumba tuliyoingilia ilikuwa ya bibi wa miaka themanini na kitu. Hakuuliza sisi ni nani mpaka tumekaa, tumepewa kitambaa cha kujifutia, na kuwekewa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Nikamshukuru mama mkwe kimoyomoyo, nikatoa ya kwetu. Bibi akaitazama, akatutazama, uso ukafunguka. Ndipo maswali yakaanza: wa wapi, wa nani, ukoo gani, muziro wenu, yaani mwiko wa ukoo, ni nini. Mvua ikipiga mabati, tulipanda nasaba kwenda juu na kushuka, haikingi nyingine kabisa, mpaka akapiga makofi. Mama mzaa mume wake alikuwa wa ukoo wetu. Kwa hesabu hiyo, ambayo bibi aliifanya kwa vidole na mimi sikuthubutu kuikagua, mimi ni baba yake mdogo.

“Tata,” akaniita, yule mama anayeweza kunizaa.

Nataka niwaeleze waungwana wa Seattle maana yake. Baba mdogo hatoki mikono mitupu kwa mwanawe. Mvua ilipokatika, uani kulikuwa na mkungu mmoja wa ndizi, maparachichi ya kujaza kikapu, mihogo, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye naye alionekana ameshangazwa na undugu huu. Nilijaribu kukataa mara moja, kama adabu inavyotaka. Mara ya pili ingekuwa dharau. Begi la lita sitini lilikuwa limejaa nguo za ziada, pawa benki nzito kama tofali, ramani iliyolowa, miwani ya jua na dira. Tukavitoa vyote, tukavifunga kwenye koti la mvua kama mtumba, ili maparachichi yapate nafasi. Mkungu ukakaa begani kwa mpwa wangu. Alivyoinama chini yake nikaona kwa mara ya kwanza safari hii kitu ninachokitambua: Mhaya anarudi nyumbani.

Tukaaga na kushukuru, wakola waitu, wakola waitu, mpaka njiani. Saa moja kasoro jua likazama, na huku likizama limezama, halikuachii jioni ya kuzubaa. Mpwa wangu akasema kwa fahari, “Mjomba, sasa ndipo tochi ya kichwani inapofanya kazi.” Tukaitafuta. Ilikuwa chini kabisa ya begi, na ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi. Ilijiwasha yenyewe wakati wa kushindiliwa, ikakesha mchana kutwa ikimulika hotipoti. Sasa ilitoa mwanga wa njano wa kama sigara, ikazimika. Mtu anayetaka ushauri wangu wa bure: betri zigeuzwe kichwa chini mpaka utakapoihitaji. Tulishuka kwa mwanga wa simu yenye chumvi, jogoo akilalamika kila kona. Tulimpata dereva wa bodaboda akatufikisha Muhutwe, sisi wawili, mkungu, kikapu, mtumba na jogoo. Sitasema tulikaaje, maana nimeshasema mimi ni mtu wa sheria. Kwenye haisi kondakta alitutoza nauli ya watu watatu. Wa tatu ni ndizi.

Nyumbani mke wangu alipokea mkungu kwanza, akafuatia jogoo, akamalizia na mimi. Akazitazama buti zilizofungwa kwa mgomba, hakusema kitu. Akahesabu vitu, maana yeye ndiye stoo ya nyumba hii.

“Mwavuli uko wapi?”

Nikakumbuka. Umesimama nyuma ya mlango wa mwanangu wa miaka themanini, pale nilipouegemeza uchuruzike.

“Na hiki kikapu ni cha nani?”

Nikamweleza. Akakigeuza, akakung'uta majani. Kikapu cha watu hakirudishwi kitupu, na kumtuma mtu wa bodaboda kwa mtoto wako ni kumtukana. Leo ni Alhamisi. Mpwa wangu amesharudi Dar es Salaam na kisigino chake. Kikapu kiko mlangoni: sukari kilo mbili, sabuni ya mche, majani ya chai, kahawa ya unga ya TANICA, khanga ambayo haijafunguliwa, na dagaa wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Mama mkwe ameleta kahawa ya kutafuna. Nimejaribu kukiinua kwa mkono mmoja, kimekataa. Nimeuliza kama kuna mtu yeyote wa kunisindikiza Jumamosi, binti yangu akaniambia niliache begi lake, anakwenda nalo kwa shangazi yake.